Dawa Moja, Vifua Viwili



Katika ukoo wetu pumu ni maradhi ya zamani. Bibi yetu mzaa mama aliishi nayo hadi uzeeni. Mama yetu hakuipata, lakini katika watoto wake watano, watatu tuliipata tangu utotoni. Dada yetu mkubwa huvuta dawa yake asubuhi na jioni, na ni miaka mingi sasa hajalazwa kwa ajili ya kifua. Kaka yetu anayemfuata hutumia dawa ya aina ile ile, tena kwa kipimo kikubwa zaidi, na bado kila mvua za masika zinapoingia huwa hatuna hakika kama wiki itapita bila ya kumkimbiza hospitalini usiku. Kitindamimba wetu naye, pumu yake ilififia alipobaleghe, hata wengi wakasahau kwamba aliwahi kuwa nayo.

Kuna maswali mawili ambayo tumekua nayo. La kwanza huulizwa na jamaa, aghalabu kwa sauti ya chini: maradhi haya yametoka upande gani? La pili tumejiuliza wenyewe, tukiwa tumeketi kwenye mabenchi ya hospitali saa nane za usiku: watoto wa baba mmoja na mama mmoja, waliolala chumba kimoja na kula chungu kimoja, vipi dawa imfae mmoja na isimfae mwenziwe? Tumeona ni vyema tuandike yale tuliyojifunza kwa madaktari na kwa kusoma, kwa sababu tunajua nyumba nyingi za mwambao wetu zina maswali hayo hayo, na majibu yanayotolewa barazani mara nyingi huwaumiza watu, hasa akina mama.

Maradhi yenyewe

Pumu ni uvimbe wa kudumu katika mirija inayopeleka hewa mapafuni. Uvimbe huo huwapo hata siku ambazo mgonjwa hajisikii vibaya, na ndio unaoifanya mirija iwe myepesi kushtuka. Vumbi, moshi, baridi, mafua, manukato makali, hata kicheko kirefu, vyaweza kuifanya misuli ya mirija ikaze na ute ujae ndani. Hapo ndipo tunaposikia mluzi kifuani na kumwona mtu akiinua mabega kutafuta pumzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu ulimwenguni, na watu 455,000 walifariki kwayo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato kidogo na cha kadiri, ambako maradhi hayatambuliwi mapema au dawa hazipatikani kwa wepesi.

Wagonjwa walio wengi hutulia wakipata dawa ya kinga na kuitumia ipasavyo. Lakini wapo wachache, ambao madaktari huwakadiria kuwa kati ya 5 na 10 katika kila wagonjwa 100, ambao pumu yao ni kali. Hawa huhitaji kipimo kikubwa cha steroidi ya kuvuta pamoja na dawa nyingine, na hata hivyo baadhi yao hawatulii. Kaka yetu ni miongoni mwao. Kwa familia, pumu kali ni kazi iliyopotea kwa sababu ya siku nyingi za kutofika. Ni mke anayelala nusu usingizi akisikiliza pumzi za mumewe. Ni watoto waliojua kutafuta inhela gizani kabla ya kujua kusoma.

Imetoka upande gani?

Kwamba pumu hufuata koo ni jambo ambalo mabibi zetu walilijua bila ya maabara. Watafiti wamelithibitisha kwa kuwatazama mapacha. Mapacha wanaofanana kabisa, ambao urithi wao ni mmoja, hupatikana wote wawili wakiwa na pumu mara nyingi zaidi kuliko mapacha wasiofanana, ambao urithi wao hulingana kwa kadiri ya nusu tu, kama ndugu wengine. Hata hivyo hutokea pacha mmoja akawa na pumu na mwenziwe aliyefanana naye asiwe nayo. Basi urithi una nguvu kubwa, lakini yako pia mambo ambayo mtu hukutana nayo baada ya kuzaliwa: hewa ya nyumba, maradhi ya utotoni, moshi na vumbi.

Katikati ya bahari ya Atlantiki ya kusini kuna kisiwa kidogo kiitwacho Tristan da Cunha, na huko jambo hili lilionekana waziwazi. Walowezi wachache walianza kukaa kisiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na wakaazi wake wa leo, ambao hawafiki 300, wametokana na kikundi hicho kidogo. Volkano ilipolipuka mwaka wa 1961 walihamishiwa Uingereza kwa muda, na madaktari waliowapima wakashangazwa na wingi wa pumu miongoni mwao. Katika miaka ya 1990 watafiti kutoka Toronto waliwafuata kisiwani, wakawapima pumzi na kuchukua damu, wakakuta zaidi ya nusu ya waliopimwa wana pumu au dalili zake. Sisi watu wa visiwa na miji ya kale, ambako koo zimeoana kizazi baada ya kizazi, habari hii hatuoni taabu kuielewa.

Lakini asidhani mtu kwamba kuna jeni moja ya pumu, inayopitishwa kama pete kutoka kidole hadi kidole. Yapo maradhi yaliyo karibu na mfano huo, kama selimundu, ambapo mtoto huugua akipokea jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama. Pumu ina jeni nyingi, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Mwaka wa 2007 watafiti walitangaza kwamba sehemu moja ya kromosomu ya 17, penye jeni iitwayo ORMDL3, inahusiana na pumu ya utotoni. Mwaka wa 2010 uchunguzi uliokusanya wagonjwa zaidi ya 10,000 uliithibitisha sehemu hiyo na kutaja nyingine kadhaa, na tangu hapo orodha imezidi kurefuka.

Mwaka wa 2014 watafiti wa Denmark waliwachunguza watoto wadogo waliokuwa wakilazwa mara kwa mara kwa pumu kali, wakaona jeni nyingine iitwayo CDHR3 imehusika. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba protini itokanayo na jeni hiyo ndiyo mlango ambao aina moja ya virusi vya mafua hupitia kuingia katika chembe za mirija ya hewa. Kwa watoto wenye umbo fulani la jeni hiyo, mlango huwa wazi zaidi. Habari hii ilitugusa sana, kwani katika nyumba yetu mafua yaliyompitia mmoja kwa siku tatu yalikuwa yakimlaza mwingine hospitalini kwa wiki nzima, na majirani wakasema mtoto yule anadekezwa.

Sasa turudi kwenye swali la barazani. Mama yetu aliishi na maneno kwa miaka mingi. Kwa kuwa pumu ya bibi mzaa mama ilijulikana na kila mtu, ilisemwa kwamba yeye ndiye aliyeileta katika nyumba ya mumewe. Hakujibu, maana hakuwa na la kujibu. Ilitokea daktari mmoja, alipokuwa akiandika historia ya kaka yetu, akauliza habari za upande wa baba vile vile: kuna mwenye ukurutu wa ngozi? Kuna anayepiga chafya na kuwashwa macho kila msimu? Kuna asiyeweza kula kamba au kaa? Majibu yakaja moja baada ya jingine. Shangazi yetu amekuwa na ukurutu tangu utotoni. Babu mzaa baba alikuwa akipiga chafya mfululizo kila alfajiri, na watu wakiijua chafya yake kabla ya kumwona. Daktari akaeleza kwamba ukurutu, mafua ya mzio na pumu aghalabu huandamana katika koo, na kwamba baadhi ya jeni zake ni zile zile. Mtoto huchukua urithi wake kwa wazazi wawili. Tangu siku hiyo hatujasikia tena ndani ya ukoo wetu mtu akisema pumu ya watoto wale ni ya mama yao.

Jambo hili lina uzito wake katika posa. Kitindamimba wetu alipoposwa mara ya kwanza, baadhi ya wazee walishauri kwamba habari za kifua zisitajwe, kwa kuwa pumu yake ilikuwa imekwisha. Tuliona ni bora zisemwe, na shangazi akawaeleza wajumbe kwa ufasaha. Posa ile ilinyamaziwa. Haukuja mjumbe wala barua. Iliumiza, na msichana alikaa miezi akijiona kama bidhaa yenye ila. Baadaye alikuja mposaji mwingine, wakaelezwa vile vile, na mama wa kijana akauliza swali moja tu: dawa anayotumia ni ipi, ili nao waiweke nyumbani? Leo wameoana na wana watoto wawili. Kwa wazazi wanaopima mambo haya, tungependa wajue kwamba hatari kwa mtoto huongezeka mzazi mmoja akiwa na pumu, na huzidi wakiwa nayo wote wawili, lakini wengi wa watoto wa mzazi mmoja mwenye pumu hukua bila ya kuipata. Maradhi yanayojulikana na kutibiwa hayafai kuwa sababu ya kumvunjia mtu ndoa.

Kwa nini dawa imfae mmoja?

Neno steroidi huwatia watu hofu. Wengine hulichanganya na zile dawa za kujaza misuli, na wengine wamesikia kwamba huzoesha mwili. Steroidi za pumu ni za jamaa ya homoni ambayo miili yetu hujitengenezea katika tezi zilizo juu ya figo. Mwaka wa 1948 daktari wa Marekani, Philip Hench, na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni kwa mara ya kwanza, na mwaka wa 1950 Hench na wenziwe wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo ya homoni. Wagonjwa wa pumu nao wakapewa vidonge, wakapata nafuu kubwa, lakini matumizi ya muda mrefu yaliwadhoofisha mifupa, yakawapandisha sukari na kuwavimbisha nyuso. Mwaka wa 1972 ndipo steroidi ya kuvuta iitwayo beklometasoni ilipoanza kutumika. Faida yake ni kwamba kipimo kidogo hufika moja kwa moja penye uvimbe, na mwili wote hausumbuliwi kama unavyosumbuliwa na vidonge. Dada yetu ameitumia dawa ya namna hii tangu ujana wake, akazaa na kunyonyesha akiitumia, chini ya uangalizi wa daktari.

Namna inavyofanya kazi ndiyo inayotupa jibu la swali letu la pili. Dawa huingia ndani ya chembe na kushikana na kipokezi chake, kisha viwili hivyo huingia katika kiini cha chembe, mahali zilipo jeni, na huko huzizima jeni zinazoamrisha uvimbe na kuziamsha zinazoutuliza. Dawa inayofanya kazi kwa kusema na jeni haishangazi ikijibiwa tofauti na watu wenye jeni tofauti. Tangu mwaka wa 1968 madaktari wa Marekani walikwisha kuandika habari za wagonjwa ambao pumu yao haikusikia steroidi, hata kwa vipimo vikubwa. Wakati huo hapakuwa na njia ya kuitazama sababu yake katika urithi.

Mwaka wa 2011 kundi la watafiti lilitangaza habari za jeni iitwayo GLCCI1. Waliwatazama wagonjwa waliokuwa wakipewa steroidi ya kuvuta, wakalinganisha nguvu ya pumzi zao kabla na baada. Waliorithi umbo fulani la jeni hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, nafuu yao ilikuwa kama theluthi moja tu ya nafuu ya wale wasio na umbo hilo. Hii ndiyo habari iliyotufanya tumtazame kaka yetu kwa jicho jingine. Lakini ni haki tuseme yote: watafiti wale wale walieleza kwamba jeni hiyo inabeba sehemu ndogo tu, chini ya asilimia 7, ya tofauti iliyopo baina ya mgonjwa na mgonjwa, na uchunguzi uliofuata mahali pengine haukuafikiana wote. Hapa tena, kama katika maradhi yenyewe, jeni ni nyingi na kila moja ina fungu lake dogo.

Kuna jambo jingine la kujua. Uvimbe wa pumu si wa aina moja kwa watu wote. Kwa wengi huandamana na chembe nyeupe za damu ziitwazo esinofili, na huo ndio unaosikia steroidi vizuri. Kwa wengine chembe hizo ni chache na uvimbe una njia nyingine, na huo aghalabu huwa mkaidi. Na moshi wa sigara hupunguza kabisa nguvu ya steroidi ndani ya mapafu, kwa kudhoofisha kimeng'enya ambacho dawa hukihitaji ili izizime jeni za uvimbe. Mvutaji sigara mwenye pumu anaweza kuvuta dawa kila siku na asipate hata nusu ya faida yake.

Maswali ya daktari kabla ya jeni

Kaka yetu alipopelekwa kwa daktari bingwa wa mapafu, tulitarajia kwamba angeanza na vipimo vya damu. Alianza kwa kumwomba avute dawa mbele yake. Alisema kwamba wengi wanaoambiwa pumu yao haisikii dawa huwa dawa haijafika mapafuni. Imeishia ulimini na kooni. Akatazama: mtikiso wa kikopo, pumzi inayotolewa kwanza, pumzi ndefu ya taratibu inayoandamana na mbonyezo, kisha kuzuia pumzi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Akaridhika. Kwa watoto na wazee wasioweza kufuata hatua hizi, kuna kichombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Familia isiyo na uwezo wa kukinunua isikate tamaa, kwani mwaka wa 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, huwafaa watoto sawa na kile cha kununua. Muulizeni daktari au muuguzi awaonyeshe namna ya kuitengeneza.

Swali lake la pili lilikuwa kama dawa ya kinga huvutwa kila siku, hata siku za uzima. Dawa ya kutuliza, ambayo kwa kawaida huwa katika kikopo cha buluu, hufungua mirija kwa dakika chache na kuuacha uvimbe palepale. Anayeitegemea hiyo peke yake huona nafuu huku maradhi yakiendelea chini kwa chini, na ndiyo maana tangu mwaka wa 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena itumike peke yake. Swali la tatu lilihusu nyumba. Hapo tulikuwa na mengi ya kueleza: udi na ubani wa siku ya Ijumaa, dawa ya mbu ya kuwasha, jiko la makaa, ukuta wa chokaa ulioota ukungu wakati wa mvua, mende wa jikoni. Siku hizi chetezo hubaki uani, na nguo za kaka yetu hazifukizwi. Mke wake huweka asumini chumbani kwa kiasi, maana hata harufu ya maua hayo ikizidi humbana.

Baada ya yote hayo kutazamwa, na pumu ikawa bado haijatulia, ndipo daktari alipotuambia kwamba hii ni pumu kali kwa maana yake halisi, na kwamba yaelekea urithi wake una sehemu katika namna anavyoijibu dawa. Tunakiri kwamba maneno haya yalitupa faraja tusiyoitarajia. Kwa miaka mingi kaka yetu alikuwa ameambiwa kwamba hana bidii na dawa, kwamba ana wasiwasi mwingi, kwamba dada yake mbona amepona. Kumbe alikuwa akifanya yote aliyoagizwa.

Akapimwa esinofili katika damu. Kwa wenye kiwango kikubwa cha chembe hizo, zipo sindano mpya za kibayolojia zinazolenga mkondo mmoja wa uvimbe. Ya kwanza kuruhusiwa kwa pumu Marekani, inayohusu mzio, ni ya mwaka wa 2003, na nyingine ya kuzipunguza esinofili ikafuata mwaka wa 2015. Bei yake iko mbali na uwezo wa familia nyingi, pamoja na yetu. Kaka yetu yuko kwenye inhela yenye dawa mbili ndani yake, na amepewa maagizo ya maandishi ya lini aanze vidonge vya prednisoloni na lini aondoke nyumbani bila ya kungoja kukuche. Karatasi hiyo imebandikwa kwenye mlango wa kabati. Mashambulio yamepungua, hayajakwisha.

Urithi wetu wa pwani

Tumeulizwa na jamaa kama kuna kipimo cha jeni kitakachomwambia mzazi mapema kwamba mtoto huyu atasikia steroidi na yule hatasikia. Katika matibabu ya kawaida bado madaktari hawatumii kipimo cha namna hiyo. Hutumia historia ya ukoo, kipimo cha nguvu ya pumzi, hesabu ya esinofili, na jinsi mgonjwa mwenyewe anavyoendelea. Na wengi wa watu waliochunguzwa katika tafiti za jeni za pumu ni wa asili ya Ulaya. Mwaka wa 2011 uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha jeni iitwayo PYHIN1 kuhusiana na pumu kwa watu wenye asili ya Afrika, ambayo haikuonekana hivyo kwa wengine. Hilo latosha kutuonyesha kwamba majibu ya wengine hayawezi kuazimwa yote yalivyo.

Na sisi wa mwambao tuna urithi wa peke yetu. Mwaka wa 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mabaki ya watu wa kale kutoka makaburi ya miji ya Waswahili, yakiwemo ya Mtwapa, Manda na Faza, ukaonyesha kwamba wengi wao walikuwa na damu ya Kiafrika iliyochanganyika na ya Kiasia, hasa ya Kiajemi. Na ya Kiafrika ilipitia zaidi kwa akina mama. Jeni za kinga ya mwili zimetufikia kutoka pande hizo zote. Watafiti wetu wa Kenya wakija siku moja kuomba ridhaa ya kuchukua tone la damu au mate kwa ajili ya pumu, wakaeleza kwa uwazi makusudio yao na namna watakavyozitunza siri za watu, ingefaa tuwasikilize, kwani dawa za baadaye zitawafaa zaidi wale ambao urithi wao umejulikana.

Yaliyo mikononi mwetu

Yapo yanayowezekana leo hii katika kila nyumba. Andikeni historia ya ukoo wa pande zote mbili: nani ana pumu, nani ana ukurutu, nani ana mzio, ilianza akiwa na umri gani, na dawa gani ilimfaa. Msilinganishe ndugu na ndugu. Anayevuta steroidi asukutue kinywa kwa maji kila baada ya kuvuta, ili asiote utando mweupe mdomoni. Anayetumia vidonge kwa muda mrefu asiviache ghafla, maana tezi zake huwa zimelala na zahitaji muda kuamka. Mwezi wa Ramadhani, dawa ya kinga ya mara mbili kwa siku yaweza kuvutwa wakati wa daku na baada ya kufuturu. Na kuhusu inhela ya kutuliza mchana, na ruhusa ya mgonjwa kutofunga, waulizwe daktari na shekhe kabla ya mwezi kuandama.

Na mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikageuka rangi, au dawa ya kutuliza ikamsaidia kwa chini ya saa nne kisha akabanwa tena, huo si wakati wa kuuliza pumu imetoka upande gani. Apelekwe hospitalini, na njiani aendelee kuvuta dawa yake.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.